Kompyuta Imesema Ni Safi

Mume wangu alipoanza kupuliza chai ndipo nilipojua kuna jambo. Kwa mtu mwingine hilo si neno. Lakini huyu ni mwanamume wa Igembe, huku kwenye miraa, ambaye tangu anioe amekuwa akinywa chai ingali inatoa moshi, akinicheka mimi, binti wa wakulima wa chai wa Kibugu kule Embu, kwa kuingoja ipoe. "Nyinyi mnajua kupanda tu, kunywa hamjui," ndivyo alivyokuwa akinitania mbele ya wageni. Sasa nikawa namwona anakizungusha kikombe, anapuliza, anakirudisha mezani na kujifanya anatafuta simu. Nilipomwuliza alisema midomo imepasuka kwa baridi. Nikaitazama midomo yake, ilikuwa mizima.

Sikumwacha. Watu husema nina mdomo, na ni kweli. Miaka ya kufundisha Kiswahili katika shule ya upili imenizoeza kutoachia sentensi yenye kosa ipite hivi hivi. Nikambana siku moja aliposukuma sahani ya githeri ikiwa nusu, akakiri.

"Kuna mahali hapa katikati ya kifua inachoma kidogo," akasema. "Ni acid tu, mwalimu. Usianze."

Huniita mwalimu anapotaka ninyamaze. Huku kwetu hakuna mtu mzima asiyejua maana ya hicho kiungulia, hiyo acid tu. Saratani ya umio, ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni mpaka tumboni, imepita katika maboma mengi ya milima hii, na wengi walioondoka nayo walianza kwa kusema ni acid. Jirani yetu wa upande wa juu alisema hivyo mpaka akawa mtu wa uji, kisha mtu wa maji, kisha maji nayo yakakataa kupita. Nilikuwa nikimpelekea mkewe kuni wakati wa matanga. Basi nilichotaka mimi kilikuwa kimoja: koo la mume wangu liangaliwe, liangaliwe vizuri, kabla halijaanza kuziba.

Wakati huo hospitali moja mjini ilikuwa imepata mtambo mpya. Daktari anaingiza kamera mdomoni na kuishusha polepole kama ilivyokuwa zamani, lakini sasa picha zake hupitia pia kwenye kompyuta yenye akili mnemba, iliyofunzwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno za koo za watu, wagonjwa na wazima. Ikiona mahali pa kutilia shaka inachora mraba wa manjano pale pale kwenye skrini. Habari za mtambo huo zilitangazwa kanisani, zikafika hadi soko la Kangeta ambako mume wangu huuza miraa yake, na huko zikatiwa chumvi. Wengine walidai kompyuta hiyo inajua mtu atakufa lini.

Nilidhani itabidi nimburute. Kumbe mtambo ndio uliomvuta.

"Kwa daktari peke yake singeenda," aliniambia. "Daktari ni mtu, atamwambia mtu mwingine. Lakini kompyuta haina mdomo ya kuongea sokoni."

Siku aliyopangiwa iligongana na mitihani ya mazungumzo shuleni kwetu, na mtahini nilikuwa mimi. Mdogo wake, ambaye huendesha pickup ya kupeleka miraa Nairobi kabla ya alfajiri, akajitolea kumpeleka. Niliwaita wote wawili nikawapa masharti ya hospitali: tangu jioni asile kitu, na asubuhi asiguse hata maji. Mume wangu alitii. Alikataa chakula cha jioni na kwenda kulala na njaa. Sikuwahi kumwona mtiifu hivyo, nikampenda kwa hilo na nikamwonea huruma.

Walirudi alasiri, nami nimeshatoka shuleni nikiwangoja kwa wakwe zangu, na tuliisikia honi kabla hatujaliona gari. Shemeji alikuwa ameikandamiza tangu kona ya kanisa. Alipofika uani hata hakuzima injini.

"Iko safi!" akapiga kelele akining'inia dirishani. "Kompyuta imesema ni safi!"

Mama mkwe alipiga vigelegele. Baba mkwe, mzee ambaye kwa kawaida hafurahii chochote, aliinuka kutoka kitini, akaenda mwenyewe zizini na kumshika mbuzi pembe. Sijawahi kumwona akitembea haraka namna ile. Majirani walikuja bila kuitwa. Mimi niliingia jikoni nikafunga mlango na kulia, na nasema wazi kwamba yalikuwa machozi ya furaha tupu.

Furaha yangu ilidumu mpaka nyama ilipoiva. Wazee walikuwa wamekaa uani, shemeji amesimama katikati yao akisimulia safari, na mimi napita na sahani.

"Huyu ndugu yangu alikuwa anatetemeka," akasema. "Nikaona hapana, huyu ataruka kwa gari. Nikampa kibunda moja ya miraa poa, ile ya wazee. Nikamwambia tafuna hii pole pole, itakupa moyo. Kufika gate ya hospitali tulikuwa tumeimaliza!"

Wazee walicheka. Shemeji akaongeza kuwa muuguzi alimwuliza mgonjwa kama amekula, na mgonjwa akajibu kwa kiburi kwamba hajatia chakula mdomoni tangu jana. Wakacheka tena. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu, na ili uelewe ni kwa nini, lazima uwe umeishi Igembe. Kwa mtu wa hapa miraa si chakula. Mtu anaweza kutafuna tangu mchana hadi jua lizame, ukimkaribisha mezani akakuapia kwamba hajala kitu, na asiwe amekudanganya. Yule muuguzi alikuwa mgeni katika nchi hii. Aliuliza kuhusu chakula, akajibiwa kuhusu chakula, na mume wangu alijibu kwa moyo safi kabisa.

Mimi sikulelewa na miraa. Nilisimama pale na sahani mkononi.

"Kwa hivyo kamera iliingia kwa koo lililojaa majani," nikasema.

Kicheko kilikatika. Nikauliza daktari mwenyewe alisema nini, maneno yake, si ya kompyuta. Mume wangu akatazama sahani yake, ambamo nyama ilikuwa imekatwa vipande vidogo na kuanza kupoa.

"Alisema hajaona kitu kibaya," akajibu.

"Akaishia hapo?"

"Alisema ati ikiendelea kuchoma turudi," shemeji akaingilia. "Lakini hiyo ni vile madaktari husema, ni kama bye. Wewe mwalimu umezoea kusahihisha, sasa unataka kusahihisha hata kompyuta."

Walicheka tena, lakini kidogo. Baba mkwe aliniambia niketi nile nyama. Nikamwambia nyama hii imechinjwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajapimwa, na kwamba sitaila. Nikaweka sahani chini na kwenda nyumbani kwangu kwa miguu, nikiwa na aproni kiunoni. Mke kukataa nyama ya baba mkwe mbele ya wazee ni kosa zito, nilijua nilipokuwa nikitamka. Kwa siku nyingi baadaye nilisikia kwamba wanawake wa Embu hawafundishwi heshima. Waseme. Mume ni wangu.

Tulivutana nyumbani. Yeye alinikumbusha kila wakati kwamba kompyuta hiyo imeona koo nyingi kuliko daktari yeyote aliye hai. Mimi nikamwuliza imeona ngapi zilizopakwa miraa. Mwishowe niliomba ruhusa shuleni nikafunga safari peke yangu mpaka hospitalini. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na benchi lake la wagonjwa lilifika hadi nje. Nilimweleza habari ya kibunda. Alilifungua faili la mume wangu.

"Niliona ukijani," akasema. "Nikasafisha na maji, lakini ilikuwa imeshika. Ndiyo maana nilimwambia arudi. Unajua, mwalimu, hii kompyuta inaona tu kile kamera inaona. Ikifunikwa, yenyewe haijui imefunikwa. Haiwezi kuniambia, leo sijaona vizuri."

Nilielewa mara moja, maana wanafunzi wa aina hiyo ninao. Ukimwuliza mmoja wao jambo asilolijua anakujibu kwa sauti ile ile anayojibia lile analolijua. Daktari akaniahidi kwamba kuanzia siku ile wauguzi watauliza kuhusu miraa kwa jina lake. Nikamwambia aongeze na muguka, ile miraa ya majani, kwa sababu ndugu zangu wa upande wa chini wa Embu wangefanya kosa lile lile. Akanipa nafasi nyingine ya mume wangu.

Sasa nikawa na shida mpya. Mwanamume wa Igembe mwenye hofu, anayelala katikati ya mashamba ya miraa, utamzuiaje asitafune? Ahadi yake sikuiamini, na mdogo wake ndiyo kabisa sikumwamini. Nikafikiri, halafu nikampigia simu mama yangu Kibugu. Mbele ya mama wa mkewe, mwanamume wa huku hupima hata kicheko chake. Hali chakula ovyo mbele yake, hainui sauti, na ukimwambia akae naye huku shavu limevimba kwa miraa, afadhali umwambie avue suruali. Nilimweleza mama kila kitu. Aliniambia nimlete.

"Unaenda kunifungia kwa mama yako," mume wangu alisema nilipomtangazia safari. Alikasirika, kisha akapakia nguo zake mwenyewe. Nadhani alikuwa amechoka kuogopa peke yake na alihitaji mtu wa kumlazimisha.

Kibugu tulilala usiku mmoja. Mchana alimsaidia baba yangu kubeba majani ya chai hadi kituo cha kununulia, akarudi na mikono isiyojua pa kukaa. Jioni mama aliketi naye sebuleni akimsimulia ugomvi wote wa kwaya ya kanisa, hatua kwa hatua, na yeye akaitikia kwa adabu mpaka alipoaga kwenda kulala. Asubuhi nilidhani mama atabaki. Akatoka chumbani amefunga kitambaa cha kanisani na mkoba kwapani.

"Tunaenda sisi wote," akasema.

Aliketi kiti cha nyuma cha gari tulilokodi, bega kwa bega na mkwewe. Tukapita Runyenjes, tukapita Chuka, na mume wangu alikuwa wima kama nguzo, mikono magotini, akitazama mbele. Pale tuliposimama kidogo, muuzaji mmoja alileta miraa dirishani upande wake. Mume wangu alimgeuzia kisogo. Mimi niliyeketi mbele niliziba mdomo nikacheka kimya kimya, kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kupuliza ile chai.

Daktari aliniruhusu nisimame nyuma ya chumba. Sikuwahi kuona ndani ya mtu niliyelala ubavuni mwake miaka yote hiyo. Njia ilikuwa ya waridi, imelowa, safi, na kamera ikishuka taratibu. Mara ule mraba wa manjano ukatokea, ukatetemeka, ukaganda mahali padogo palipokuwa pamepauka kidogo tu, ambapo mimi nisingepaona hata kwa kuonyeshwa.

"Hiyo hapo!" nikapaza sauti. Nilifurahi. Ni jambo la aibu kufurahia saratani ya mumeo, lakini kwa sekunde ile nilifurahi kama niliyemkamata mwizi. Kisha muuguzi akanivutia kiti.

Daktari hakunikaripia. Alisema taratibu kwamba hata yeye, siku yenye foleni kama ile, angeweza kupapita. Ndiyo maana nasema sina ugomvi na mtambo. Ulipoonyeshwa koo, uliona. Ugomvi wangu ulikuwa na wale waliouvika joho la hakimu siku ulipoonyeshwa majani.

Walikata vipande vidogo vya nyama ya pale vikapimwe, na majibu yalipotoka yalikuwa saratani, ikiwa bado juu juu. Daktari alitueleza kwamba kuna hospitali ya mbali, nje ya kaunti yetu, ambako wanaweza kuiondoa kwa kamera hiyo hiyo bila kumpasua kifua, ila tusikawie. Mume wangu alitaka kwanza kumwambia baba yake.

Basi tukakaa tena katika ua ule ule. Safari hii hakuna aliyechinja. Shemeji alisema kompyuta ina wazimu, wiki ile inasema hivi na wiki hii inasema vile. Mama mkwe alitaka maombi ya kufunga. Lakini aliyewaka zaidi ni baba mkwe. Aligonga ardhi kwa fimbo. Alisema ugonjwa huo ukiguswa na kisu unasambaa mwili mzima, kila mtu anajua hivyo, na kwamba mtoto wake hatakatwa kwa sababu ya kitu kinachosema maneno mawili. Akasema safari hiyo hataibariki. Katika nyumba ile baba hupiga funda la kinywaji na kumnyunyizia kifuani anayesafiri kwa jambo zito, akimtamkia mema. Kuondoka bila hilo si mchezo, na mume wangu alikuwa amekunja uso kama mtoto aliyefukuzwa mezani.

Nikasimama.

"Baba," nikasema, "kompyuta iliposema ni safi ulichinja mbuzi. Hukuuliza ilijuaje. Leo imesema kweli ndiyo unaiita mwongo."

"Unaniongelesha hivyo kwangu?"

"Ndiyo, baba. Kwako, na nikiwa nimesimama. Huyu ni mtoto wako lakini mimi ndiye nitabaki na kitanda baridi."

Nilingoja anifukuze. Badala yake mume wangu aliinuka, akachukua koti lake kwenye ukuta wa zizi na kujifunga vifungo vyote. "Tutaenda," akasema, bila kumtazama mtu. Nimempenda mwanamume huyu kwa njia nyingi, lakini sijampenda kamwe kama nilivyompenda wakati ule, akitoka langoni mwa baba yake bila baraka, akiogopa na akitembea.

Tulienda na wakaiondoa. Kuna maumivu, kuna homa iliyotutisha, kuna wiki za uji na supu ambazo sitazisimulia. Anarudi kuangaliwa kila anapoitwa, na mraba wa manjano haujatokea tena. Amerudi shambani kwake. Tunagombana kuhusu miraa kama tulivyokuwa tukigombana awali, na hilo ni letu wawili.

Ningependa kuishia hapo. Lakini miezi ilipita, na siku moja mama mkwe akaniita nyuma ya ghala, mahali ambapo hajawahi kuniita. Alinong'ona kwamba mzee hamalizi uji. Nilikwenda moja kwa moja alipokuwa ameketi. Alikuwa amevaa koti lile lile la siku zote, lakini sasa lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye. Hatukuwa tumesalimiana vizuri tangu siku ile ya uani. Nikachuchumaa mbele yake.

"Tangu lini, baba?"

Aliitazama miti yake.

"Kabla ya mtoto," akasema.

Kabla ya mtoto. Ikaniingia polepole, na ilipomaliza kuingia nikaketi chini kwenye vumbi. Mzee huyu alikuwa akichomwa kifuani tangu kabla mume wangu hajaanza kupuliza chai, na hakumwambia mtu.

"Nilijiambia, kama yake ni acid, basi hata yangu ni acid," akasema. "Siku ile wamesema iko safi, mwalimu, mimi nilipona."

Kumbe mbuzi yule alikuwa wa watu wawili. Na siku aliyogonga ardhi kwa fimbo akiiita kompyuta mwongo, alikuwa akigombania koo lake mwenyewe. Nilimkasirikia sana, na wakati huo huo nilitaka kumkumbatia, jambo ambalo mke wa mtoto halifanyi. Nilimwinua tu kwa kiwiko na kumpeleka kwenye gari.

Kwa mzee daktari hakuhitaji kompyuta. Kamera ilifika mahali ikagoma kupita. Walimwekea kibomba kidogo cha kushikilia njia iwe wazi, na kwa muda aliweza kula ndizi za kupondwa na kuwatania wajukuu. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimlisha. Alifia kitandani kwake, mchana, watu wake wakiwa wamemzunguka.

Huku kwetu mazishini lazima mtu asome historia ya marehemu, na kazi hiyo hupewa mwalimu. Wanafamilia waliandika, nikapewa karatasi. Walikuwa wameandika kwamba mzee aliugua kwa muda mfupi. Nikawaambia sitasoma uongo. Shemeji alinifuata nyuma ya hema, macho yamevimba kwa kulia.

"Mwalimu, nakuomba. Usitaje hiyo ugonjwa. Watu watasema ni ya ukoo. Nani ataoa watoto wetu?"

Nilishika maikrofoni nikasoma alipozaliwa, miti ya kwanza aliyoipanda, watoto aliowasomesha, kanisa alilosaidia kulijenga. Nilipofika kwenye ugonjwa nikaikunja karatasi.

"Baba yetu hakuugua kwa muda mfupi," nikasema. "Aliugua kwa muda mrefu, na akanyamaza. Ilikuwa saratani ya umio. Narudia kwa walioketi nyuma: saratani. Mtoto wake alikuwa nayo hiyo hiyo. Ni yule pale amesimama kando ya jeneza, mtazameni vizuri, anakula nyama. Mjini kuna mtambo unaoiona ikiwa bado ndogo. Lakini mtambo huo hautawahi kuja kwako kubisha hodi. Unaangalia tu koo lililopelekwa, na ukilipeleka limejaa miraa utakuambia uko mzima nawe utachinja mbuzi."

Kasisi alikohoa. Mzee mmoja aliinuka akaondoka, akipiga fimbo yake kwa nguvu ili nisikie. Shangazi wa mume wangu alinionyesha kwa mkono kwamba nikae. Sikukaa.

"Jumatatu asubuhi nitakuwa pale barabarani na gari," nikasema. "Mwanamume ambaye chakula kinamchoma, aje, na asitafune kitu. Anayetaka kunitukana atanitukana njiani."

Baada ya hapo sikupewa chakula na mtu. Nilijipakulia mwenyewe nikala.

Jumatatu ilikuja na ukungu. Nilikodi gari kubwa, nikasimama kando yake na mume wangu, na barabara ilikuwa tupu. Pickup za miraa zilikuwa zimeshapita zamani. Wanawake wawili waliokuwa wakienda sokoni walitusalimia bila kusimama. Baridi ilikuwa kali, na nilianza kujiuliza kama nimeaibisha nyumba nzima bure.

"Twende nyumbani," mume wangu akasema. "Umejaribu."

"Bado," nikamwambia.

Nikaona mtu anakuja kwa miguu kutoka upande wa maduka, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa shemeji. Nilijitayarisha kwa matusi, nikakaza mgongo. Alifika, akasimama mbele yangu, akalitazama lile gari tupu.

"Na wewe inakuchoma?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. "Sijui, mwalimu. Lakini wacha niingie. Wako wengi hapo nyuma ya duka, wanangoja kuona nani ataingia wa kwanza."

Nikamfungulia mlango.